Bi Kisu, Bi Uzi na Nusu ya Kidonge

Bi Kisu hakuzaliwa na jina hilo, wala Bi Uzi hakuzaliwa na lake. Ni wateja waliowapa. Mkubwa alikaa kwenye mashine ya kukatia karatasi, mdogo akashona, na kwa kuwa miaka thelathini na mmoja hawakubadilishana viti, watu hawakuona haja ya kuuliza majina mengine.

Kazi yao ilikuwa kujalidi vitabu. Waliletewa madaftari makubwa ya shule yaliyovunjika mgongo, vitabu vya sala vilivyoliwa na mende, na kazi za wanafunzi wa chuo, ambao siku zote huja wakihema na kudai wanataka leo leo. Karatasi hukunjwa, mkunjo juu ya mkunjo, hutobolewa kwa msharasi, kisha Bi Uzi hupitisha sindano na uzi uliopakwa nta. Gundi ya unga wa ngano ilipikwa kila asubuhi katika sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine. Kitabu kikishapakwa kililala chini ya kikandamizo cha chuma mpaka kesho yake, na mteja mwenye haraka aliambiwa aende akalalie chake nyumbani.

Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha moja na mlango mmoja wa nyuma, na mlango huo ulifungukia vyumba viwili vya kulala. Waliishi humo watatu: Bi Kisu, ambaye mumewe alikufa mapema na hakumwachia mtoto; Bi Uzi, ambaye mumewe hakufa ila alipotelea kwa mwanamke mwingine; na binti wa Bi Uzi, aliyejifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza ya kujalidia. Binti yule alimwita Bi Kisu Mama Mkubwa, na kwa adhabu alimwogopa yeye kuliko mama yake mzazi.

Mama mzazi wa dada hawa wawili alikuwa amewaachia sheria moja ya nyumba: mkataji hachagui. Kitu kikija, kiwe kipande cha sabuni au gora la kitambaa, mkubwa anakata na mdogo anachagua kwanza. Hivyo mkubwa hukata kwa haki, na mdogo hana la kulalamika. Walilelewa hivyo na wakazeeka hivyo. Baba yao alipofariki, aliacha aproni yake ya ngozi ya kazini, nzuri, nene. Bi Kisu aliikata katikati. Bi Uzi akachagua upande wenye mfuko. Tangu siku ile aproni ikawa haimfai yeyote kati yao, lakini hakuna aliyenung'unika.

Sasa katika ukoo ule kulikuwa na jambo la figo. Mama yao alikufa amevimba uso mpaka macho hayaonekani, na watu walisema karogwa. Kaka yao alifuata, na yeye ndiye ambaye daktari alimwambia wazi kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Vifuko vya maji huota ndani ya figo, huongezeka kidogo kidogo, na mwisho figo hugeuka mfuko mtupu wa maji. Kaka aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa miezi saba. Mwezi wa nane alisema amechoka, na kweli alikuwa amechoka. Baada ya mazishi, dada wale wawili walikwenda kupimwa siku moja, wakiwa wamevaa viatu vyao vya harusini. Wote walikutwa nao.

"Haya," Bi Uzi alisema walipotoka nje. "Hata hili tumegawana."

Bi Kisu alimwambia anyamaze, watu wanasikia.

Miaka ikapita wakimeza dawa za presha na kula chakula kisicho na chumvi. Hakukuwa na dawa ya ugonjwa wenyewe. Daktari wa kliniki kila mara aliandika namba ya figo kwenye kadi, na kila mara namba ilikuwa ndogo kuliko ya mara iliyopita. Bi Kisu alipofika miaka hamsini na saba, figo zake zilikuwa zikifanya kazi asilimia thelathini na sita. Bi Uzi, aliyekuwa na miaka arobaini na tisa, alikuwa na asilimia arobaini na nne. Ikishuka chini ya kumi na tano ni mashine, na foleni ya mashine waliijua tangu wakati wa kaka.

Ndipo zikaja zile karatasi.

Zilitoka katika ofisi ya utafiti ya hospitali kubwa: vijitabu arobaini vya kujalidi, kila kimoja kurasa sitini na mbili. Baba yao alikuwa akisema mjalidi ni kama mkunga, anaona vya watu wala hasemi, na Bi Kisu hakuwahi kusoma kazi ya mteja maisha yake yote. Lakini mjalidi lazima ahakikishe kurasa zimefuatana. Alikuwa akitazama namba chini ya karatasi, tisa, kumi, kumi na moja, jicho likapanda juu lenyewe. Likakuta neno figo. Likakuta neno kurithi. Aliketi na karatasi mkononi mpaka gundi ikaungua.

"Dada, sufuria!" Bi Uzi akapiga kelele.

"Acha iungue. Njoo hapa, kaa."

Walisoma wote wawili, vichwa vimegusana. Kulikuwa na dawa mpya. Ilikuwa haijauzwa popote, walitaka kwanza kujua kama inapunguza mwendo wa ugonjwa. Walitafutwa watu wenye figo zilizobaki kati ya asilimia thelathini na sitini, wasiozidi miaka sitini. Nusu ya watu wangepewa dawa yenyewe na nusu wangepewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu. Nani apewe kipi ingeamuliwa na kompyuta, hata daktari asijue. Na ukurasa wa kumi na moja, mstari wa chini kabisa: mtu mmoja tu kwa kila nyumba.

"Kwa nini mmoja?" Bi Uzi aliuliza.

"Sijui. Labda dawa ni kidogo."

Walipokwenda kuuliza, waliambiwa sababu. Muuguzi wa utafiti alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, watu walimwita Sista. Aliwaketisha kwenye chumba chenye feni inayolia, akawaeleza kwa saa nzima, na kila akimaliza jambo aliwataka wamrudishie kwa maneno yao wenyewe, kama mwalimu wa darasa la pili. Dawa inaleta kiu na kukojoa mara kwa mara. Inaweza kuumiza ini, ndiyo maana damu itapimwa kila mwezi. Mtu anaweza kujitoa siku yoyote na hatanyimwa matibabu yake ya kawaida.

"Na kuhusu nyumba moja, mama zangu," Sista alisema, "wagonjwa wawili wakikaa chini ya paa moja, chupa hubadilika. Huyu anameza ya yule. Basi sisi hatujui tena tunapima nini."

"Sisi si watoto," Bi Kisu alisema.

"Sijasema ni watoto, mama. Nimesema wanakaa nyumba moja."

Walipewa wiki moja ya kufikiri. Ilikuwa wiki mbaya. Kila mmoja alimsukumia mwenzake.

"Nenda wewe Dada, wewe ndiye uko chini. Thelathini na sita si mbali na thelathini."

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Ndiyo hiyo chumvi iliyokumaliza figo!"

Bi Kisu alicheka bila kupenda. Kisha akasema lile alilokuwa amelifikiria siku tatu. "Una mtoto. Mimi nikifa nani atalia? Mashine ya kukatia?"

"Nitalia mimi."

"Wewe utakuwa na kazi ya kushona."

Binti, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na akifanya kazi ya kuandika barua kwenye ofisi ya mawakili, aliwaambia wapige kura. Walimtazama mpaka akatoka chumbani. Yeye mwenyewe alikuwa hajapimwa, na hakutaka kupimwa, na hilo lilikuwa jambo ambalo halikusemwa pale mezani.

Siku ya sita Bi Kisu alikata shauri kama mkubwa. Alivaa kitambaa cha kichwa, akamshika mdogo wake mkono, akampeleka. Bi Uzi alianza kutia sahihi fomu ya ridhaa huku analia. Sista akamwambia: mama, kama unalia usitie, kwa sababu ridhaa ya machozi si ridhaa. Bi Uzi alijifuta, akasema analia kwa furaha. Sista hakuamini, lakini machozi hayana maandishi.

Bi Uzi alirudi nyumbani na chupa nyeupe ya vidonge thelathini. Aliiweka katikati ya meza, juu ya ubao wa kukatia. Binti alikuwa kazini. Bi Uzi akafungua chupa, akatoa kidonge kimoja, cha duara, rangi ya maziwa, akakisogeza upande wa dada yake.

"Kata."

"Una wazimu."

"Kata, Dada. Umenipeleka nikaenda. Umeniambia tia sahihi nikatia. Sasa na mimi nakwambia kata. Siwezi kumeza kitu kizima mbele yako wewe ukiwa unanitazama. Hakitapita kooni."

"Umesikia alivyosema Sista."

"Sista hakulelewa na mama yetu."

Bi Kisu hakukata siku hiyo. Alikwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Lakini Bi Uzi naye hakumeza. Kidonge kilikaa pale juu ya ubao siku nzima, wakala pembeni yake, wakafanya kazi pembeni yake. Siku ya pili vilikuwa viwili. Siku ya tatu vilikuwa vitatu, na Bi Kisu akawaza kwamba kwa kiburi cha huyu mdogo wake, dawa itaozea mezani na hakuna atakayepona. Hilo ndilo alilojiambia. Baadaye sana, alipokuwa hana tena mtu wa kumdanganya, alikiri kwamba palikuwa na jambo jingine chini yake. Alitaka kuishi. Alikuwa amejivika ukubwa, akasema hana wa kumlilia, na usiku wote wa wiki ile alikuwa akiutazama mstari wa ukurasa wa kumi na moja na kuuchukia.

Alichukua kisu kidogo cha kupunguzia ngozi, kile kikali kuliko vyote, akakata katikati. Mkono ulikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kukata. Nusu mbili zilitoka sawa kabisa, hata unga haukumwagika.

"Chagua," alisema.

Bi Uzi akachagua ya kushoto.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi, gundi ikiwa jikoni. Ilikuwa saa yao nzuri kuliko zote. Baada ya wiki mbili Bi Uzi alisema anaona kiu. Bi Kisu naye akasema kweli, hata yeye, ameamka na koo kavu. Walishikana mikono wakaruka kama wasichana, wanawake wazima wenye miguu iliyovimba. Kiu ilikuwa na maana moja tu: kompyuta imewapendelea, wamepewa dawa yenyewe. Walikunywa maji jagi zima, wakapishana chooni siku nzima wakigongeana mlango.

"Toka basi, unazalia humo?"

"Ngoja, dawa inafanya kazi!"

Kila mwezi Sista alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, akakuta hesabu sawasawa, akamsifu Bi Uzi mbele ya wagonjwa wengine. Bi Uzi aliinamisha kichwa. Bi Kisu, aliyekuwa akimsindikiza kila mara, alitazama feni.

Mwezi wa tano daktari mwenyewe alitoka kuwaona. Alikuwa kijana, mwenye miwani, na alikuwa ameshika karatasi ya majibu kwa mikono miwili.

"Mama, namba yako imeshuka haraka kuliko tulivyotarajia. Ulianza na arobaini na nne, leo ni thelathini na moja. Dawa unameza kila siku?"

"Kila siku," Bi Uzi alisema.

"Kidonge kizima?"

Hilo lilikuwa swali la kawaida tu, labda huwauliza wote. Lakini Bi Kisu aligeuka. Alimwangalia mdogo wake na akaona yale ambayo kwa miezi mitatu alikuwa hataki kuyaona: uvimbe chini ya macho, rangi ya ngozi imekuwa kama karatasi ya zamani. Alimwona mama yao. Akawaza kwamba ile nusu aliyoila yeye ndiyo iliyopungua hapa. Kwamba labda kizima kingemshika, na yeye mtu mkubwa, kila asubuhi, amekuwa akimkata mdogo wake kipande kipande.

"Kizima," Bi Uzi alisema.

"Mwongo," alisema Bi Kisu. "Tulikuwa tunakata. Nusu yake nusu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakata."

Daktari aliketi. Sista alijishika mdomo. Bi Uzi aligeuza uso, akamtazama dada yake kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga na hajui.

Hakuna aliyewafokea, na hilo liliumiza zaidi. Daktari alipiga simu, akaandika, akapiga simu tena. Alisema anasikitika. Majibu ya Bi Uzi hayawezi tena kutumika, na kanuni haimruhusu kuendelea kumpa mtu dawa isiyojulikana anaimezaje. Ametolewa. Bi Kisu alipimwa damu hapo hapo kwa usalama wake, akakutwa na thelathini na tatu, na yeye pia, kwa kuwa alishaionja dawa, hataweza kuingizwa katika utafiti huo.

"Ilikuwa dawa au ilikuwa tupu?" Bi Kisu aliuliza.

"Hata mimi sijui, mama. Itafunguliwa mwisho wa utafiti. Bado miaka miwili."

Walipofika nyumbani Bi Uzi alikaa kwenye kiti chake, akachukua sindano, akashindwa kuitunga uzi, akaiweka.

"Nani alikutuma useme?"

"Ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu."

"Sasa nitakufa nyuma ya mgongo wako? Pale nilikuwa napimwa kila mwezi. Daktari ananijua kwa jina. Sista anashika mkono wangu. Leo umenirudisha kwenye foleni ya watu mia mbili."

"Nilidhani ukimeza kizima..."

"Ulidhani! Mambo yote tumefanya wawili, Dada. Hata kosa tulilifanya wawili. Kusema ukasema peke yako."

Bi Kisu aliichukua ile sindano, akaitunga uzi mwenyewe, akaiweka mbele ya mdogo wake.

Hawakugombana tena baada ya siku ile, ila palikuwa na baridi. Bi Uzi alishona, akajibu alipoulizwa. Mwaka uliofuata namba yake ilifika kumi na nne. Aliandikwa kwenye orodha ya mashine, akapata nafasi mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Alikufa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kitini pale hospitalini, akisubiri kuitwa kwenye mashine. Bi Kisu alikuwa ameinuka kwenda kumletea kikombe cha maji, kile kidogo alichoruhusiwa. Aliporudi alimkuta ameegemea ukuta, akamwambia shika, akamwambia tena shika.

Barua ya ofisi ya utafiti ilikuja miezi minane baadaye, kwa jina la binti kama ndugu wa karibu. Bi Kisu wakati huo hakuwa akikata tena. Alilala chumba cha nyuma, miguu juu ya mto, na mashine ya kukatia ilikuwa imefunikwa shuka. Binti aliingia na viatu vyake vya ofisini, akasimama mlangoni na bahasha imeshafunguliwa.

"Mama Mkubwa, nisome?"

"Soma."

Alisoma kwa sauti ile ya ofisini, bila kupanda wala kushuka. Kwamba utafiti umekwisha. Kwamba dawa imeonekana kupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi. Kwamba mama yake, mshiriki namba kadha wa kadha, alikuwa katika kundi la vidonge visivyo na dawa. Na kwamba washiriki wote wa kundi hilo waliobaki mpaka mwisho wamepewa dawa yenyewe, na wataendelea kupewa.

Nje mtu alikuwa akipiga hodi mlango wa mbele, labda mteja, kisha akaondoka.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakata nini?" binti aliuliza.

"Chokaa, mwanangu. Labda unga."

"Na ile kiu?"

Bi Kisu alifumba macho. "Ilikuwa kiu tu."

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda. Bi Kisu alingoja aambiwe lolote, hata tusi. Tusi lingemfaa. Alikuwa amekosa kwa kukubali kukata, na alikuwa amekosa kwa kusema, na kama angeyafanya yote mawili kinyume, au moja tu, huenda mdogo wake angekuwa kwenye kiti chake sasa hivi akimlaumu kwa kuunguza gundi.

"Chini wameandika kitu kingine," binti alisema. "Wanaanza utafiti mwingine. Wanatafuta watoto wa waliougua. Wananiita nikapimwe kwanza."

"Utakwenda?"

"Sijui."

"Usiniulize mimi."

"Sikukuuliza, Mama Mkubwa. Nimekwambia tu."

Aliinuka, akairudisha barua kwenye bahasha, akaitia katika mkoba wake. Mlangoni alisimama.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," alisema.

Bi Kisu alijiinua kwa kiwiko. Maumivu ya ubavuni yalimkata pumzi, lakini alijikaza. "Nitakusindikiza. Nitavaa mapema."

"Hapana," alisema binti. "Nitakwenda peke yangu. Na nikirudi, usiniulize wameniambia nini."

Alitoka. Viatu vyake vilisikika kwenye chumba cha kazi, vikapita meza, vikapita mlango wa mbele, vikashika barabara. Bi Kisu alisikiliza mpaka havikusikika tena. Alijaribu kukumbuka leo ni siku gani, ahesabu zimebaki ngapi mpaka Jumatatu, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.